Harufu ya Udongo Mvua Inapoanza

Wapendwa wasomaji wetu, katika ukanda huu mkavu wa katikati ya Tanzania, Majilio na mvua za kwanza hufika karibu wakati mmoja. Kanisani tunavaa zambarau na kuwasha mshumaa wa kwanza. Mashambani wakulima wamekwisha kusafisha, na wale wenye ujasiri wamekwisha kupanda uwele na mtama katika mavumbi makavu, wakitumaini kwamba mvua itaikuta mbegu kabla ya mchwa na ndege. Kwa miezi saba hivi hatujaona tone. Ndipo alasiri moja upepo hugeuka, mbuzi huinua vichwa, na kabla ya tone lolote kuangukia bati letu, harufu inatufikia. Hakuna anayehitaji kuambiwa. Mahali fulani karibu nasi mvua imekwisha kuugusa udongo.

Tafakari yetu ya wiki hii inahusu harufu hiyo. Tumeichagua kwa sababu ya maswali mawili tuliyoulizwa na waamini. Swali la kwanza ni la kijana wa kidato cha nne, aliyetungoja nje ya sakristia baada ya Misa ya pili. Alisema: "Baba Paroko, mwalimu ametufundisha kwamba ile harufu ya mvua ni bakteria tu. Katekista naye alitufundisha kwamba ni baraka ya Mungu. Tumsadiki nani?" Swali la pili ni la mama mmoja, nalo ni zito zaidi, tutalifikia baadaye. Tuanze na la kijana, kwa maana bila kulijibu hilo kwa uaminifu hatutaweza kumjibu mama.

Jina la harufu

Watu wameifahamu harufu hii tangu walipoanza kulima. Katika mji wa Kannauj, kaskazini mwa India, mafundi wa marashi wamerithishana kazi ya kuipika. Huchukua udongo wa mfinyanzi uliokaushwa na kuchomwa, huutia pamoja na maji katika vyungu vikubwa vya shaba, huuchemsha, na mvuke wake huupokea katika mafuta ya msandali. Marashi yanayopatikana huitwa mitti attar, yaani marashi ya udongo. Watu wa huko waliona kwamba harufu ya mvua ni kitu cha kutunzwa ndani ya chupa, ili hata wakati wa kiangazi mtu aweze kuikumbuka.

Wanasayansi walikuja nyuma. Mwaka 1891 wanakemia wawili wa Ufaransa, Marcellin Berthelot na Gustave André, waliandika juu ya harufu ya udongo, wakaona kwamba inatokana na kitu kilichomo udongoni kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliipa harufu ya mvua juu ya ardhi kavu jina la petrikori. Walilitunga kutoka maneno mawili ya Kigiriki: la kwanza lahusu jiwe, na la pili ni jina la majimaji ambayo Wagiriki wa kale waliamini yanapita katika mishipa ya miungu yao. Waligundua kwamba wakati wa ukame mafuta fulani ya mimea hujikusanya juu ya mawe na udongo, na mvua ndiyo huyafungua. Mwaka uliofuata walieleza jambo litakalowagusa wakulima wetu: mafuta hayo huchelewesha uotaji wa mbegu. Yaani ukame wenyewe huacha ardhini kitu kinachoiambia mbegu isiharakishe. Kwa sisi tulio katika Majilio, majira ya kungoja, jambo hilo si dogo.

Lakini katika harufu hiyo yenye mambo mengi, kuna sauti moja inayosikika kuliko nyingine zote: ile ya udongo wenyewe. Mwaka 1965 Nancy Gerber na Hubert Lechevalier, wa Chuo Kikuu cha Rutgers katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, walifaulu kuitenga. Waliipata kutoka katika viumbe vidogo vya udongoni, wakaiita jiosmini, jina lenye maana ya harufu ya ardhi.

Kilichomo ndani yake

Wapendwa, msiogope kemia. Molekuli moja ya jiosmini ina atomi 12 za kaboni, atomi 22 za haidrojeni, na atomi moja tu ya oksijeni. Kaboni zake zimejipanga katika pete mbili zilizoshikana, mfano wa vyumba viwili vinavyotumia ukuta mmoja. Hiyo ndiyo yote. Hakuna ndani yake madini ya thamani. Ni kaboni ileile iliyomo katika mkaa wa jikoni, na haidrojeni na oksijeni zilezile zilizomo katika maji ya kisima.

Jinsi inavyotengenezwa kunastahili kutazamwa. Mwaka 2007 David Cane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba kimeng'enya kimoja tu hufanya kazi yote. Kina sehemu mbili, kama fundi mwenye meza mbili ndani ya karakana moja. Hupokea malighafi yenye kaboni 15, huikunja kwenye meza ya kwanza, kisha kwenye meza ya pili huifunga katika pete na kuondoa kaboni 3. Hizo 3 zinazoondolewa hutoka kama asetoni, kimiminika kilekile ambacho dada zetu hukitumia kufutia rangi ya kucha. Zinabaki 12, nazo ndizo harufu ya mvua. Harufu ile inapatikana kwa kupunguza, si kwa kuongeza.

Na sasa tazameni uchache wake. Pua ya mwanadamu huweza kuitambua jiosmini katika maji hata ikiwa imebaki kama nanogramu 10 tu katika lita nzima. Watu wengine huitambua hata kwa kiasi kidogo zaidi. Nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Tufanye hesabu ya nyumbani. Kidonge cha kawaida cha paracetamol kina dawa miligramu 500. Kama tungekuwa na jiosmini yenye uzito huo, ingetosha kuyapa harufu ya udongo maji yaliyojaa katika matangi 5,000, kila tangi la lita 10,000. Parokia yetu ina tangi moja tu la ukubwa huo, na tulichangishana miaka mitatu ili tulipate. Hebu fikirini matangi 5,000 yamepangwa kutoka kanisani hadi barabara kuu, na kidonge kimoja kinayafikia yote.

Kunuka na kunukia

Kiswahili chetu kina busara katika jambo hili, kwa maana hutenganisha kunuka na kunukia. Ua linanukia, mzoga unanuka. Kinachoshangaza ni kwamba jiosmini hufanya yote mawili.

Inapotoka ardhini na mvua ya kwanza, inanukia. Lakini viumbe vingine vidogo huitengeneza ndani ya mabwawa, na samaki huinywa na kuihifadhi katika mafuta ya mwili wake. Hapo tunasema huyu perege ananuka tope, na mnunuzi humrudisha kwenye beseni la muuzaji. Wafugaji wa samaki wanaojua kazi yao huwaweka katika maji safi kwa siku kadhaa kabla ya kuwauza, ili harufu iwatoke. Akina mama nao wanajua njia yao: ndimu au siki. Wanakemia wameeleza sababu, kwamba jiosmini ikikutana na asidi huvunjika na kugeuka kitu kisicho na harufu hiyo. Mama aliyemkamulia samaki ndimu alifanya kemia sahihi pasipo kitabu.

Molekuli ni ileile; mahali ilipo ndipo panapoifanya ipokewe kwa furaha au ikataliwe. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho (2 Kor 2:15-16) kwamba sisi ni harufu nzuri ya Kristo, na hapohapo akaongeza kwamba kwa wengine harufu hiyo huongoza katika uzima, na kwa wengine katika mauti. Tulipokuwa seminarini tuliona maneno hayo kuwa magumu. Perege ametusaidia kidogo kuyaelewa.

Tena tusisahau kwamba pua hudanganywa. Isaka, mzee asiyeona, alinusa mavazi ya mwanawe akaona yananukia kama shamba ambalo Bwana amelibariki (Mwa 27:27), na kwa harufu hiyo akambariki Yakobo akidhani ni Esau. Wakulima wetu nao wanajua kwamba harufu ya mvua si mvua. Mara nyingi tumeinusa jioni, na asubuhi tukaamkia jua kali, kwa kuwa mvua ilinyesha kijiji cha pili. Harufu ni ishara, nayo ishara inahitaji kusubiriwa na kupimwa.

Kwa nini udongo unanukia

Jinsi harufu inavyotoka ardhini ilionekana wazi mwaka 2015, wakati Youngsoo Joung na Cullen Buie wa chuo cha MIT huko Marekani walipopiga picha za kasi kubwa za matone yakianguka. Tone linapotua juu ya ardhi yenye vitundu, hufunika hewa iliyokuwamo. Hewa hiyo hugeuka viputo vidogo vinavyopanda ndani ya tone na kupasuka juu yake, kama soda inapofunguliwa, vikirusha hewani chembechembe za kile kilichokuwa ardhini. Upepo huzichukua. Watafiti hao waliona pia kwamba mvua nyepesi na ya wastani hurusha chembechembe nyingi kuliko mvua ya kishindo. Nabii Elia, aliyemtambua Bwana katika upepo mwanana baada ya dhoruba, tetemeko na moto kupita (1 Fal 19:11-12), asingeshangaa.

Lakini swali kubwa zaidi ni hili: viumbe hivyo vina faida gani kutengeneza harufu? Ni bakteria wa jamii iitwayo streptomaisesi, wanaoishi katika udongo karibu kila mahali duniani. Hukua kama nyuzi nyembamba ndani ya ardhi. Chakula kinapopungua, wanaingia katika majira mengine ya maisha yao. Nyuzi za chini huanza kuvunjika, na kilichokuwa mwili wao kinakuwa chakula cha nyuzi mpya zinazopanda juu. Nyuzi hizo za juu hujikatakata kuwa minyororo ya mbegu ndogo sana ziitwazo spora, ambazo huweza kuvumilia ukame mrefu. Waliobaki chini hufa. Ni katika majira hayohayo, majira ya kufa na kuacha mbegu, ndipo jiosmini inapotengenezwa.

Mwaka 2020 watafiti wa Sweden na Uingereza walitoa maelezo ya sababu yake. Udongoni wanaishi vijidudu vidogo vyenye miguu sita, vingi vikiwa na kijimkia cha kurukia kilichokunjwa chini ya tumbo. Wataalamu huviita kolembola. Vipapasio vya vijidudu hivyo huitambua jiosmini. Vinaifuata harufu, vinawakuta streptomaisesi na kuwala. Spora hunata miilini mwao, nyingine hupita tumboni zikiwa hai na kutoka pamoja na kinyesi, na hivyo hufikishwa mahali ambapo bakteria hao wasingeweza kufika wenyewe, kwa maana hawana miguu. Harufu ile tunayoipokea kwa furaha tukiwa barazani ni mwito wa kiumbe anayemaliza maisha yake, akiita atakayeichukua mbegu yake.

Kwa hiyo tunamjibu kijana wetu: mwalimu wako amesema kweli, isipokuwa katika neno moja, nalo ni "tu". Jamii hiyohiyo ya bakteria ndiyo iliyotupatia dawa ya streptomaisini, ambayo Albert Schatz aliigundua mwaka 1943 akiwa mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman, katika chuo kilekile cha Rutgers. Ilikuwa dawa ya kwanza ya aina hiyo kufaulu kuutibu ugonjwa wa kifua kikuu. Katika parokia yetu wako wazee wanaozikumbuka sindano zake. Ni wazima, na baadhi yao ni wajukuu zao mnaosoma nao darasani. Katekista naye amesema kweli. Baraka ya Mungu haikosi kuwa baraka kwa sababu tumejua njia iliyopitia. Papa Yohane Paulo II aliandika waraka mzima juu ya imani na akili, Fides et Ratio, mwaka 1998, akifundisha kwamba hivyo viwili havipaswi kutengana. Anayemwonea Mungu hofu mbele ya darubini amemfanya Mungu kuwa mdogo.

Swali la mama

Sasa tufikie swali la pili, ambalo hatukuulizwa nje ya sakristia bali kando ya kaburi.

Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, kijana wa miaka 22, aliyefariki kwa homa mwanzoni mwa mwezi Desemba. Vijana wenzake walichimba kaburi tangu alfajiri. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, ikabidi wapokezane sururu. Tulipofika na mwili saa nane mchana, mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa mashariki, na tulipokuwa tukilinyunyizia jeneza maji ya baraka na kulifukizia ubani, matone makubwa machache yakaanza kuanguka juu ya lundo la udongo mwekundu. Harufu ilipanda ghafla. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Tuliona watu wakivuta pumzi bila kutaka, kisha wakiinamisha nyuso kwa haya, kwa kuwa si mahali pa kufurahia kitu.

Mama alipopewa udongo ili autupe kaburini, hakuutupa. Aliushika kiganjani, akauleta karibu na uso, akaunusa. Kisha akatugeukia na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, mbona udongo huu unanukia, na unammeza mwanangu?"

Hatukumjibu. Tulisimama naye mpaka alipoufungua mkono mwenyewe.

Swali lake ni la kale kuliko kanisa letu. Ayubu aliliuliza, tena kwa kutumia harufu ileile (Ayu 14:7-12). Alisema mti una tumaini: ukikatwa, hata kisiki chake kikizeeka ardhini, kikipata harufu ya maji tu, kitachipuka. Lakini mwanadamu akifa, yuko wapi? Ayubu hakukosea. Tumeiona miti ya mibuyu na migunga ikifanya hivyo kila mwaka, na tumewaona wafu wetu wasifanye. Mvua ile iliyonyesha siku ya mazishi iliiotesha mimea juu ya makaburi yote ya kigango, na hakuna aliyetoka.

Kwa hiyo hatutamdanganya mama yule. Hatutamwambia kwamba streptomaisesi wanathibitisha ufufuko. Hawathibitishi. Kemia inajua kutuonyesha jinsi kaboni 15 zinavyokuwa 12; haijui kumrudishia mama mwanawe, na haijawahi kudai kwamba inajua. Mhubiri anayegeuza kila kitu cha sayansi kuwa mfano wa mbinguni anawafanyia waamini wake jambo lisilo la haki, kwa maana siku ya msiba mfano haushiki uzito.

Hata hivyo, swali lake lilikuwa na dhana moja ambayo tunaweza kuisahihisha kwa upole. Alidhani harufu ile ni furaha ya udongo, kana kwamba ardhi inashangilia inapokula. Kumbe sivyo. Ardhi haikuwa ikishangilia. Kilichokuwa kikinukia pale ni kazi ya viumbe waliokuwa wamejitoa wakati wa ukame ili uhai usiishie kwao. Udongo ule mwekundu haukuwa kinywa kitupu. Kila kiganja chake kilikuwa na viumbe wengi kuliko watu wote tuliowahi kuwajua. Bwana wetu alipotaka kueleza kifo chake mwenyewe, hakuchukua mfano kutoka mbinguni. Alizungumzia punje ya ngano ambayo isipoanguka ardhini na kufa hubaki peke yake, lakini ikifa huzaa sana (Yn 12:24). Aliutazama udongo kama mkulima anavyoutazama. Kisha yeye mwenyewe akawekwa ndani yake.

Kumbukeni pia wale wanawake wa asubuhi ya Pasaka. Walibeba manukato kwenda kaburini (Lk 24:1), kwa sababu walijua, kama Martha alivyojua mbele ya kaburi la kaka yake Lazaro (Yn 11:39), kwamba wafu hunuka. Walikwenda kuifunika harufu ya kifo kwa harufu nyingine. Manukato yale hayakutumika. Hapo ndipo tumaini letu lilipo, wala si katika pua. Ayubu aliuliza, na jibu lake lilikuwa ni Mtu. Harufu ya mvua kaburini haikuwa jibu. Ilikuwa ishara ya ukarimu ambao Muumba ameuweka hadi katika viumbe vyake vidogo kabisa, na Muumba mwenye ukarimu wa namna hiyo tunaweza kumwachia mtoto wa mama yule.

Tulipokwenda kusali nyumbani kwake siku ya arobaini, tulimweleza haya polepole, tukiwa tumeketi chini ya mwembe. Alisikiliza mpaka mwisho, akiendelea kupembua mtama katika ungo. Kisha akasema: "Hao wadudu sijawaelewa, Baba. Lakini nimeelewa kwamba sikumweka mahali pasipo na kitu." Tukasali rozari, naye akatupikia uji.

Tufanye nini wiki hii

Wapendwa, tunapendekeza mambo matatu mepesi kwa jumuiya ndogondogo.

Kwanza, mvua itakapoanza, kila familia isimame mlangoni kwa dakika chache bila redio wala simu, na kuinusa. Watoto waelezwe inatoka wapi: waambiwe juu ya bakteria, na waambiwe juu ya Mungu, katika pumzi moja. Wasikue wakidhani inawapasa kuchagua.

Pili, tuwakumbuke wale waliozika mwaka huu. Kwa wengi wetu harufu ya udongo mbichi ni mwanzo wa kilimo. Kwao ni kumbukumbu ya kaburi. Msiwahimize wafurahi haraka. Nendeni mkalime nao siku moja katika shamba lao, hasa wajane na wazee waliopoteza watoto waliokuwa wakiwalimia. Mama tuliyemtaja ana ekari moja na nusu, na mwaka huu hana mtu wa kushika jembe la pili. Jumuiya yake inajijua.

Tatu, tusidharau wema kwa sababu ni mdogo. Ikiwa kidonge kimoja huweza kuyafikia matangi 5,000, basi sadaka ya mtu mmoja katika kijiji haipotei. Tunaweza kuwa manung'uniko yanayonuka tope katika familia, au tunaweza kuwa kitu kinachowafanya watu wainue vichwa.

Tuombe

Ee Mungu, uliyemfinyanga mwanadamu kwa mavumbi ya ardhi na kumpulizia pumzi ya uhai puani mwake, tunakushukuru kwa pua hizi na kwa udongo huu. Utujalie mvua ya kutosha, mwanana na ya wakati wake. Uwakumbuke marehemu wetu waliolala ardhini, na uwafariji wanaoinusa ardhi hiyo kwa machozi. Utufundishe kungoja kama mbegu inavyongoja, na kujitoa kama viumbe vyako vidogo wanavyojitoa, hata atakapokuja Mwanao, ambaye kaburi halikuweza kumshika. Anayeishi na kutawala daima na milele. Amina.